Kilomita 240 Bila Honi: Reli Iliyolala Pennsylvania

Wadau, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Marekani kwenye kozi ya waandishi, na ilipoisha nikabakiwa na siku nne kabla ya ndege. Wenzangu wakakimbilia New York kupiga picha. Mimi mwenyeji wangu alinipa baiskeli yenye matairi manene, akanifikisha kwa gari hadi Cumberland, mji mdogo wa jimbo la Maryland, akaniambia tutaonana Pittsburgh.

Kati ya miji hiyo miwili kuna njia inayoitwa Great Allegheny Passage. Urefu wake ni maili 150, yaani kama kilomita 240. Sehemu kubwa haina lami. Imemwagiwa mawe ya chokaa yaliyopondwa hadi kuwa changarawe laini, na magari hayaruhusiwi. Inapanda vilima vya msitu mnene, kisha inashuka kufuata bonde la mto Youghiogheny. Aliyewahi kuendesha baiskeli Barabara ya Mandela huku akibanwa na malori ya bandarini ataelewa kwa nini saa ya kwanza nilikuwa nageuka nyuma kila dakika. Hakuna kitu. Miti, ndege, na sauti ya changarawe chini ya tairi.

Lakini sikuja hapa kujisifia safari. Njia ile ni reli. Au tuseme ilikuwa reli, maana sheria ya kule, kama mtakavyoona, inasita kusema "ilikuwa".

Mimi ni mtoto wa reli. Mzee wangu alifanya kazi kwenye genge, wale wa kukaza mataruma na kufyeka majani, kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi. Nilipozaliwa, treni ya abiria ilikuwa imeshaacha kupita. Kwangu mimi reli ilikuwa tuta la kuchungia mbuzi. Kwa hiyo nilipoona mlima wa kutoka Cumberland unavyopanda polepole, bila hata kona moja kali, nilijua nipo wapi. Unatoka kama mita 184 juu ya usawa wa bahari hadi mita 729, lakini unapewa kilomita 38 za kufanya hivyo. Mwenye baiskeli hakuwahi kufikiriwa. Treni ya makaa haiwezi kupanda ghafla, basi walichimba, wakajaza mabonde, wakatoboa milima.

Waliotoboa ni kampuni ya Western Maryland Railway, iliyofikisha njia hii Connellsville mwaka 1912. Ng'ambo ya mto tayari kulikuwa na reli ya Baltimore and Ohio. Reli mbili, bonde moja! Sababu ilikuwa makaa ya mawe na chuma cha pua. Connellsville ilikuwa na safu za matanuri ya kuokea makaa, na makaa hayo yaliyookwa ndiyo yaliyolisha viwanda vya Pittsburgh. Kila kampuni ilitaka mgao wake. Ndiyo maana wakajenga handaki la Big Savage, lenye urefu wa kama kilomita moja, na daraja la Salisbury, refu zaidi ya nusu kilomita. Handaki lile siku hizi hufungwa kila msimu wa baridi ili barafu isilibomoe. Nilipita ndani mwezi wa sita na bado nilitetemeka.

Mgao haukudumu. Makampuni yakaungana, na mwaka 1975 treni zikahamishiwa ng'ambo ya pili, ambako za mizigo zinapita hadi leo. Usiku nimelala kwenye hema nilizisikia. Upande wangu ukabaki mtupu.

Wakati huo Marekani nzima ilikuwa inang'oa. Mwaka 1916 nchi ile ilikuwa na zaidi ya kilomita 400,000 za reli, kisha malori na magari yakaanza kuzila. Mwaka 1963 mama mmoja mtaalamu wa mimea, May Theilgaard Watts, akiwa na umri wa miaka 70, aliandika barua kwa gazeti la Chicago Tribune akiomba reli moja iliyoachwa igeuzwe njia ya watu kabla matingatinga hayajafika. Barua kwa mhariri, jamani! Sisi tunaofanya kazi kwenye chumba cha habari tunajua barua hizo huishia wapi. Yake ilizaa njia inayoitwa Illinois Prairie Path. Miaka minne baadaye jimbo la Wisconsin likafungua njia kati ya Elroy na Sparta, nayo juu ya tuta la reli. Kwenye bonde la Youghiogheny, shirika la uhifadhi la Western Pennsylvania Conservancy lilinunua kipande cha reli mwaka 1978, na kilomita za kwanza zikafunguliwa Ohiopyle mwaka 1986.

Tatizo lilikuwa ardhi. Reli nyingi hazikumiliki ardhi, zilikuwa na haki ya kupita tu. Treni zikikoma, haki inakufa na shamba linarudi kwa mwenyewe. Likikatika shamba moja katikati, njia nzima imekwisha. Mwaka 1983 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ajabu kidogo: reli ikitunzwa kama njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, ihesabiwe kuwa haijafa, imewekwa akiba tu, na treni inaweza kurudi siku ikihitajika. Wenye mashamba wakapandwa na hasira, na mimi siwalaumu. Familia moja ya Vermont ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1990 majaji walisema sheria ni halali, ila mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka jirani yetu aliyelima mahindi hadi kwenye mataruma. Mwaka 2019 treni ya abiria ilipofika tena Moshi, mahindi yale hayakuwa na mahakama.

Siku ya tatu nilisimama karibu na Smithton kusoma kibao. Hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Darr. Tarehe 19 Desemba 1907 mgodi ulilipuka, wakafa wanaume na wavulana 239, wengi wao wahamiaji kutoka Hungary na nchi jirani. Wangekufa wengi zaidi. Kwa kalenda ya zamani ya makanisa ya Mashariki, siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, na wachimbaji wengi wa imani hiyo hawakwenda kazini, walikuwa kanisani. Nilikaa pale nusu saa. Wapanda baiskeli walinipita wakiwa na chupa zao za maji, wakinisalimu kwa furaha. Huwezi kuwalaumu, mahali penyewe pazuri kupita kiasi. Msitu umefunika kila kitu.

Homestead haijafunikwa. Hapo mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha Carnegie walipambana kwa risasi na walinzi wa kukodi waliokuja kwa majahazi, wakafa watu pande zote mbili. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, mwaka uleule Ohiopyle ilipopata njia yake. Leo ni eneo la maduka na sinema, wameacha safu ya mabomba 12 ya moshi yamesimama. Vipeperushi vinasema njia imefufua miji ya bondeni. Nyumba za wageni na mikahawa niliziona kweli, lakini niliona pia mitaa yenye madirisha yaliyopigiliwa mbao, na nyumba ya wageni haiajiri kama kiwanda cha chuma. Kipande cha mwisho kuingia Pittsburgh kilikamilika mwaka 2013.

Jioni nilimpigia mzee simu, nikamweleza habari yote: handaki, daraja, sheria ya reli iliyowekwa akiba. Nilidhani ataguswa na hilo la sheria. Akauliza, "Huo mlima wa kwanza, ni moja kwa ngapi?" Nikapiga hesabu, nikamwambia penye ukali zaidi ni kama moja kwa hamsini na saba.

Akanyamaza kidogo. "Kwa treni ya makaa huo ni mkali," akasema. "Lazima walikuwa wanaongeza injini ya kusukuma nyuma. Hukuona mahali walipokuwa wanaigeuzia?"