Samaki wa Masoko, Mashoka ya Isimila na Baba Yetu Adam

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Muumba wa mbingu na ardhi, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Kila mwaka wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaovuka bahari kwenda kusoma Nyanda za Juu Kusini. Wengine huingia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wengine Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, ambako husomea ualimu, ukiwemo ualimu wa sayansi. Mzazi mmoja wa Pemba ametuuliza kama ni halali kuendelea kumlipia ada mwanawe anayesomea kufundisha baiolojia. Ameambiwa msikitini kwamba mwenye kusoma somo la mageuko ya viumbe na kulijibu katika mtihani ametoka katika Uislamu. Kijana mwenyewe yuko mwaka wa mwisho, na ameshaanza kuzungumza habari ya kuacha chuo na kurudi nyumbani. Wazazi wengi wana suali hilohilo, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu kidogo.

Wanavyuoni wana kanuni kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Na katika jambo hili, kwa tunavyosikia mabarazani na hata juu ya mimbari, tunachokosa zaidi ni huko kukifahamu.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili chetu kitu kikigeuka, kimegeuka mara moja. Mtu kageuka paka usiku, mchawi kageuka bundi. Hadithi za namna hiyo tumelelewa nazo. Mtoto akisikia "mageuko", picha inayomjia ni ya nyani aliyelala nyani akaamka mtu, naye hucheka, na ana haki ya kucheka. Lakini hakuna mwanasayansi anayesema hivyo. Neno jengine ni "nadharia". Mitaani nadharia ni kinyume cha vitendo, ni maneno matupu. Kwa watu wa sayansi nadharia ni maelezo mapana yanayokusanya ushahidi mwingi na yanayoweza kupimwa. Kwamba maradhi huletwa na vijidudu nako huitwa nadharia, na kipindupindu kikiingia hatujamuona mtu akikataa kunawa mikono kwa hoja hiyo.

Ziwa la Rungwe na samaki wake

Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, upande wa Tukuyu, kuna ziwa dogo la mviringo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Huitwa Kisiba, na wengi hulijua kwa jina la Masoko. Wageni hupelekwa kusikiliza habari za fedha za Wajerumani zinazosemwa kuwa zimezamishwa humo. Sisi tunavutiwa zaidi na samaki wake. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya samaki wa ziwa hilo, walio jamii moja na perege, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Samaki hao asili yao ni moja, lakini sasa wamekuwa makundi mawili. Madume wanaokaa karibu na ufukwe wana rangi ya njano. Wale wa kina kirefu, cha mita 20 na zaidi, wana rangi ya buluu. Maumbile ya miili yao yametofautiana, na hata jeni zinazohusika na macho, kwa kuwa mwangaza wa chini si mwangaza wa juu. Hawajatengana kabisa, bado huchanganyika kidogo. Watafiti walikadiria kwamba kuachana huko kulianza ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, huenda ulikuwa tayari unasaliwa wakati samaki hao wanaanza kushika njia mbili.

Hayo ndiyo mageuko kwa maana yake ya kwanza. Viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wale wenye sifa zinazofaa mahali walipo ndio wanaoishi na kuacha watoto wengi zaidi. Chini kidogo ya Rungwe, ndani ya Ziwa Nyasa linaloanzia Kyela, wamo samaki wa jamii hiyo wa aina zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani.

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wazazi wetu wanaikumbuka klorokwini na uchungu wake. Zanzibar iliacha kuitumia kama dawa ya malaria mwaka 2003 na kuingia dawa mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu. Vile vilivyoweza kuistahamili dawa vilibaki na kuzaana, vilivyoshindwa vikafa. Aliyewahi kubadilishiwa dawa kwa sababu hiyo ameshaishi ndani ya somo hili, ajue asijue. Hatujui aya wala hadithi inayopingana nalo. Surat An-Nur, aya ya 45, inatueleza kwamba Allah ameumba kila mnyama kutokana na maji, na kwamba Yeye huumba atakacho; namna ya kuumba na muda wake haikuelezwa.

Mawe ya Isimila

Kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kandoni mwa barabara ya kwenda Mbeya, kuna korongo la Isimila. Wataalamu walianza kulijua mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ulifanywa mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell. Vijana wetu wanaosoma Iringa hupelekwa huko, na baadhi hurudi na wasiwasi kana kwamba wameonyeshwa kaburi la nyani-mtu. Walichoonyeshwa ni mashoka ya mawe yaliyochongwa pande mbili, mengine makubwa kupita kiganja, na habari za mifupa ya wanyama kama viboko wa zamani. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi.

Wengi hukwama kwenye tarakimu hiyo. Wameshazoea kusikia kwamba dunia ina miaka elfu sita. Hesabu hiyo hatukuipata katika Qur'ani wala katika hadithi sahihi. Iliyoenea zaidi ni ya Askofu James Ussher wa Ayalandi, ambaye mwaka 1650 alipiga hesabu zake kwa kufuata vizazi vilivyotajwa katika Biblia. Ajabu ni kwamba Waislamu wanaitetea kuliko wenyewe walioitunga.

Kosa jengine la vitabu vya mtihani ni Zinjanthropus. Kwa miaka mingi somo la historia la kidato cha kwanza limekuwa na mada ya mageuko ya mtu, na mwanafunzi hutoka humo akijua kwamba fuvu lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey ni la babu yetu wa kwanza. Jina lenyewe limetolewa katika neno la Kiarabu la kale la pwani yetu, Zinj, ambalo wengi wanaliona pia ndani ya jina la Zanzibar. Lakini wanasayansi wenyewe wameshaacha siku nyingi kumhesabu katika mababu wa binadamu. Kwao ni tawi la pembeni lililokatika. Tunapigana na jambo ambalo wanaodaiwa kulisema hawalisemi.

Vivyo hivyo na nyani. Mwaka 2013 jarida la Nature lilitangaza vipande vya mataya vilivyopatikana bonde la Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe na zamani lilikuwa Mbeya, vyenye umri wa miaka milioni 25. Kimoja kiliitwa Rukwapithecus, kikawekwa upande wa jamii ya sokwe, na kingine Nsungwepithecus, upande wa jamii ya nyani na kima. Maana yake kwa wataalamu ni kwamba matawi hayo mawili yalikuwa yameshaachana wakati huo. Hawasemi kwamba nyani wanaoonekana Ruaha ni babu zetu. Wanasema kwamba nyani, sokwe na miili yetu vina asili ya mbali iliyo moja. Mwenye kutaka kulipinga dai hilo alipinge kama lilivyo.

Na wapo wenye kauli ya upande wa pili, kwamba nyani wa leo ni uzao wa watu waliolaaniwa siku ya Sabato, waliotajwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 65. Hili limejibiwa na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) mwenyewe katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim: waliobadilishwa Allah hakuwajaalia kizazi, na nyani na nguruwe walikuwapo kabla yao.

Mvutano ulipo kweli

Hapa lazima tuseme wazi. Kuhusu Adam (alayhis salaam), nassi ni bainifu. Allah amemuumba kwa udongo, bila baba wala mama, na sisi sote ni watoto wake. Hilo ndilo walilolishika wanavyuoni kizazi baada ya kizazi, wala hatulipindi ili tuonekane wa kisasa. Wanasayansi, kwa upande wao, wanasoma jeni na mifupa na kusema kwamba mwili wa binadamu nao umetokana na mnyororo huohuo wa viumbe. Kauli hizi mbili zinagongana, na si uungwana kumwambia kijana kwamba hazigongani.

Lakini zinagongana wapi? Surat Aal Imran, aya ya 59, inamfananisha Isa na Adam. Tulitafakari hilo. Mkunga wa Hospitali ya Mnazi Mmoja anajua kwamba kila mtoto ana baba. Ndiyo elimu yake na ndiyo kazi yake, na akiulizwa katika mtihani atajibu hivyo. Akirudi nyumbani anaamini kwamba Isa mwana wa Maryam hakuwa na baba. Hakuna aliyemwambia achague moja. Elimu yake inaeleza desturi ambayo Allah ameiweka katika viumbe, na imani yake inamwambia kwamba Mwenye kuiweka desturi hiyo aliivuka mara moja kwa kutaka Kwake. Muujiza hauonekani kwa darubini, na mwenye darubini hawezi kuuthibitisha wala kuukanusha.

Katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Nuh Ha Mim Keller aliandika mwaka 1995 kwamba mageuko ya viumbe visivyokuwa binadamu hayapingani na itikadi, ila kwa Adam nassi haikubali. David Solomon Jalajel, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alitaja njia ya kusita, yaani tawaqquf, katika yale ambayo nassi imeyanyamazia, kama kuwapo kwa viumbe vyenye maumbile ya kibinadamu kabla ya Adam. Sisi tunaelemea huko. Ni nani aliyechonga mawe ya Isimila? Qur'ani haikutueleza, na hatutii maneno mdomoni mwake.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, Mbeya, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Walijua siku na saa kabla, kwa hesabu. Hilo halikumzuia Muislamu kusali sala ya kupatwa kwa jua. Imam al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, aliutumia mfano huohuo wa kupatwa kwa jua kuonya kwamba anayeikanusha hesabu yao kwa jina la dini anaidhuru dini, kwa sababu aliyeihakiki hesabu hataitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Kijana wa Mkwawa aliyekwisha kuwasoma samaki wa Masoko, kisha akaambiwa na imamu wake kwamba yote ni uongo wa makafiri, anafikishwa mahali palepale.

Upande wa pili nao una watu wake. Wanaodai kwamba kwa kuwa viumbe hubadilika basi hapana Muumba wametoka katika sayansi na kuingia falsafa. Hakuna kipimo kilichowapa jibu hilo. Na wenzetu wanaojigamba kwamba al-Jahiz wa Basra, katika kitabu chake cha wanyama cha karne ya tatu Hijria, alimtangulia Darwin, nao wanapunguza kidogo. Al-Jahiz aliona mengi juu ya wanyama na mazingira yao, lakini nadharia hiyo siyo yake.

Jawabu la suali

Kusoma somo hili, kulijibu katika mtihani kama lilivyofundishwa, na kulifundisha kwa kueleza wanachosema wanasayansi, hakumtoi mtu katika Uislamu. Kunukuu kauli si kuitakidi, na wanavyuoni wameshasema kwamba hata mwenye kunukuu kauli ya kufuru hakufuru kwa kunukuu kwake. Aliyemhukumu kijana huyo ukafiri amebeba jambo zito, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuonya kwamba neno hilo halikosi kumrudia mmoja wa wawili.

Kwa hiyo mzazi aendelee kumlipia mwanawe ada, na kijana amalize masomo yake. Siku atakaposimama darasani, mwanafunzi akamuuliza, "Maalim, na Nabii Adam je?", amjibu kwamba kitabu cha baiolojia kinaeleza kinachopimwa, na habari za Adam tumezipata kwa wahyi, nasi tunaziamini kama zilivyokuja. Skuli zetu za visiwani zina uhaba wa walimu wa sayansi wanaoweza kulitamka jawabu hilo bila ya kubabaika.

Wallahu a'lam.