Mashine Yasema, Mtu Akana

Somo letu leo ni historia ya hesabu, na ya watu waliopata taabu kwa ajili yake. Fikiri kwanza. Jioni umefunga duka, umehesabu fedha mara tatu, nazo ni sawa na daftari lako. Kisha mashine yasema shilingi mia mbili zimepungua. Nani ataaminiwa?

Jambo hili lilitukia Uingereza. Huko posta nyingi ndogo huendeshwa na wakala ndani ya duka lake. Huuza stempu, na wakati ule aliwalipa wazee pensheni. Mwaka 1999 Posta ilianza kuweka humo kompyuta zenye mfumo ulioitwa Horizon. Zamani kosa likitokea, wakala alirudi nyuma katika daftari, ukurasa kwa ukurasa, mpaka alione. Sasa aliona jumla kwenye kioo, akadaiwa upungufu.

Bibi Jo Hamilton wa kijiji cha South Warnborough alionyeshwa upungufu wa pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata alivyoelekezwa, na palepale upungufu ukawa pauni 4,000! Wengi waliopiga simu waliambiwa kwamba shida hiyo ni yao peke yao. Haikuwa kweli. Mimi naona neno hilo liliumiza kuliko deni lenyewe, maana mtu akijiona yu peke yake huanza kujishuku. Wengine walilipa kwa akiba zao. Wengine walitia sahihi hesabu wasizoziamini, ili asubuhi wafungue posta. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa, na baadhi yao wakafungwa.

Bwana Alan Bates, wakala huko Wales, alikataa kulipa. Mwaka 2003 alipoteza kazi, lakini karatasi zake alizitunza. Akawatafuta wenzake, wakafika 555, wakaishitaki Posta. Mwaka 2019 jaji alikata kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwapo. Ikathibitika pia kwamba watumishi wa Fujitsu, kampuni iliyouendesha, waliweza kubadili hesabu za wakala wakiwa mbali, naye asijue.

Mwaka 2021 mahakama ilifuta hukumu ya Bibi Hamilton pamoja na za wenzake 38. Mwaka 2024 Bunge likafuta mamia nyingine kwa sheria moja. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa andika daftarini maneno haya: upungufu, sahihi, ushahidi. Juma lijalo tutayasoma pamoja.