Kipande, Daftari na Sheria

Husemwa siku hizi kwamba nchi za Ulaya zinalinda maadili yao kwa sheria za taarifa binafsi. Sisi walimu wa Rusizi, wilaya iliyomo katika uliokuwa mkoa wa Cyangugu, yatupasa kuuliza: maadili hayo yalitoka wapi, nayo yatuhusu nini? Jibu limo katika historia ya kitu kidogo, yaani kitambulisho.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Rwanda, iliwapa watu vitambulisho vilivyoonyesha kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Jina ambalo hapo kale liliweza kubadilika kwa mali au cheo likagandishwa katika karatasi, na watoto wakalirithi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, neno hilo halikufutwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo moja lilitosha kumfanya mtu auawe kwenye kizuizi cha barabarani. Hapa Cyangugu, mwezi wa Aprili, baadhi ya watu waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka waliitwa kwa orodha ya majina, wakatolewa, wakauawa. Habari hizo zimo katika hukumu iliyotolewa Arusha mwaka 2004 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda.

Ulaya nayo ilikuwa na msiba wake. Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa kwa ustadi mkubwa. Wajerumani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1940, daftari likawa chombo cha kuwatafutia Wayahudi. Tarehe 27 Machi 1943 wapinzani wa Wajerumani waliishambulia ofisi ya daftari mjini Amsterdam ili kuziteketeza kadi zake. Hata hivyo, takriban robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo waliangamizwa. Hapana shaka kumbukumbu za zama hizo zilichangia kuzaa sheria za baadaye: ya jimbo la Hesse, Ujerumani, mwaka 1970, iliyokuwa ya kwanza duniani, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kanuni hiyo hukataza kuchakata habari za asili, dini au afya ya mtu, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa.

Rwanda ilikwisha kuliondoa kabila katika vitambulisho baada ya 1994. Kisha, tarehe 13 Oktoba 2021, ikatunga Sheria Na. 058/2021. Sheria hiyo huhesabu asili ya mtu, afya, dini na msimamo wake wa kisiasa kuwa habari nyeti. Humpa mwananchi haki ya kusahihisha yaliyoandikwa juu yake. Tena hutaka taarifa zihifadhiwe nchini, ila kwa idhini maalumu.

Basi si kweli kwamba tumeazima maadili ya wengine. Wabelgiji walituletea kitambulisho chenye kabila. Sababu za kuihofia karatasi hiyo tulizijua wenyewe, kwa gharama kubwa. Leo watu wetu huonyesha vyeti mpakani wakielekea Bukavu, na hutuma fedha kwa simu. Nasi walimu huandika majina ya watoto na ya wazazi wao katika daftari za shule. Tuwafundishe wanafunzi maneno "faragha" na "idhini" pamoja na maana zake, na kila tunapochora safu mpya daftarini tujiulize: habari hii yatakiwa na nani, kwa kazi gani, na itahifadhiwa hadi lini?