Brussels: Mji wa Kinamasi na Fedha za Kongo

Jina la Brussels limetokana na maneno ya Kiholanzi cha kale yenye maana ya makazi ya kinamasini, na bonde la mto mdogo wa Senne, ambako mji ulianzia, lilikuwa kweli ardhi tepetepe yenye visiwa na mafuriko. Mapokeo yanauweka mwanzo wake mwaka 979, ila mgeni anayetaka kuuelewa mji huu mkuu wa Ubelgiji atafaidika zaidi akiutazama mteremko wake kuliko akiikariri tarehe hiyo. Bondeni walikaa wachuuzi na mafundi, na juu kilimani, mahali paitwapo Coudenberg, walikaa watawala wa jimbo la Brabant. Masoko yalizaliwa chini na bustani zikazaliwa juu, na kwa karne nyingi fedha zilipanda mlima huo huku amri zikiushuka.

Masoko hayo bado yanasomeka katika majina ya vichochoro vinavyouzunguka uwanja mkuu, Grand-Place, kwa kuwa upo mtaa wa siagi, upo wa wachinjaji, na ipo mitaa iliyokuwa masoko ya kuku, ya jibini na ya mboga. Nyumba nyembamba zinazoukabili uwanja zilikuwa mali ya vyama vya mafundi, yaani jumuiya zilizowaunganisha watu wa kazi moja, zikasimamia ubora wa bidhaa na kuamua ni nani apokewe kama mwanafunzi wa kazi hiyo. Mwezi Agosti 1695 jeshi la Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa liliupiga mji kwa mizinga na kuteketeza nyumba zaidi ya 4,000, lakini mnara wa jumba la manispaa, wenye urefu wa mita 96, ulibaki umesimama. Vyama hivyo vilijenga upya kwa miaka michache tu, kwa mawe na mapambo ya dhahabu, ili kuonyesha kwamba wenye mji walikuwa wao. Na uzuri anaoustaajabia mgeni leo ni jibu la wafanyabiashara kwa mfalme wa nchi jirani.

Huko juu kilimani kasri la Coudenberg liliungua mwaka 1731, magofu yake yakaachwa kwa zaidi ya miaka 40, hata ardhi iliposawazishwa kuanzia mwaka 1776 na kutengenezwa Parc de Bruxelles, bustani yenye njia zilizonyooka na miti iliyopandwa kwa mistari. Ndani ya bustani hiyo hiyo, mwezi Septemba 1830, askari wa Mfalme wa Uholanzi walijibanza wakipigana na raia kwa siku nne, kisha wakaondoka usiku, na tarehe 4 Oktoba uhuru wa Ubelgiji ukatangazwa.

Dola hilo changa lilipenda vioo, chuma na barabara pana. Mwaka 1847 ilifunguliwa Galeries Royales Saint-Hubert, njia ya maduka yenye urefu wa zaidi ya mita 200 iliyoezekwa kwa vioo, ambako mnunuzi aliweza kutembea bila kunyeshewa wala kurushiwa tope na magari ya farasi. Ndimo Jean Neuhaus alimofungua duka la dawa mwaka 1857, na mwaka 1912 mjukuu wake akabuni pipi ya chokoleti yenye kujazwa kitu laini ndani, ambayo imekuwa zawadi ya kawaida ya msafiri anayetoka Brussels. Senne, kwa upande wake, ulikuwa umegeuka mfereji wa majitaka, na baada ya kipindupindu cha mwaka 1866 ulifunikwa na kujengewa barabara kuu juu yake, hivi kwamba mtu anaweza kuzunguka katikati ya mji kutwa nzima asiuone mto uliouzaa.

Bustani inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni Cinquantenaire, iliyoanzishwa kwa maonyesho ya mwaka 1880, Ubelgiji ilipotimiza miaka 50. Tao lake kubwa lilikamilika mwaka 1905 kwa juhudi za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye tangu mwaka 1885 alikuwa akiitawala Kongo kama mali yake binafsi na kuchuma utajiri wa mpira uliogemwa na watu walioshurutishwa kwa silaha. Pembeni mwa bustani hiyo kuna mnara wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, wenye maandishi yanayolisifu jeshi la Wabelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanyabiashara ya watumwa. Neno "Mwarabu" limewahi kufutwa, kurudishwa na kufutwa tena. Msomaji wa Kiswahili anawajua waliokusudiwa, kwa kuwa ni wafanyabiashara wa Nyangwe na Kasongo waliotokana na biashara ya Zanzibar na ambao misafara yao ilikieneza Kiswahili mashariki ya Kongo. Kwamba waliuza watu ni kweli isiyopingika. Lakini mnara hausemi kwamba mwaka 1887 Leopold huyo huyo alimwajiri Tippu Tip, mkubwa wao, kuwa gavana wake kwenye maporomoko ya Stanley, wala kwamba vita dhidi ya wafanyabiashara hao, vya 1892 hadi 1894, viliishia kuwaweka wenyeji chini ya bwana mwingine.

Barabara itokayo kwenye tao inaelekea Tervuren, nje ya mji, ambako katika maonyesho ya mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa kutazamwa na umati katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walifariki, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren, yakistahili ziara ya mgeni kama linavyostahili jumba la makumbusho lililofunguliwa hapo mwaka 1910.

Wakongo walirudi Brussels kwa hiari yao baadaye, wengi kama wanafunzi, na karibu na lango la zamani la Namur ukakua mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Huko huuzwa vitenge, samaki wakavu, ndizi za kupika na majani ya muhogo, ambayo Mkongo wa mashariki huyaita sombe na Mtanzania kisamvu, na ingawa Kilingala ndicho kinachotawala saluni za kusuka nywele, Kiswahili nacho husikika. Mwanzoni mwa mtaa huo kuna kiwanja kidogo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, tarehe 30 Juni 2018, na kutoka hapo hadi kasri la mfalme, juu ya kilima kilekile cha Coudenberg, ni mwendo mfupi kwa miguu.