Mdahalo wa Karen, Tafsiri ya Eastlands

Kinyozi wangu wa Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, alizima mashine mteja akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Mteja hakulalamika, naye alikuwa ameikodolea macho runinga ndogo iliyotundikwa juu ya kioo. Ilikuwa Jumatatu usiku, Februari 11, 2013, wiki tatu kamili kabla ya uchaguzi mkuu. Kule Karen, mtaa wa matajiri, katika shule ya Brookhouse, wawaniaji wanane wa urais walikuwa wamepangwa mstari mmoja wakijibu maswali mbele ya taifa. Kenya haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho.

Swali la kesi iliyomkabili Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, lilipofika, alisema hiyo ni changamoto yake binafsi, na kwamba ataweza kujitetea huku akiongoza nchi. Raila Odinga akarusha kombora lake: itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype. Pale kwa kinyozi, waliojua Skype walicheka papo hapo. Wengine walicheka kama nusu dakika baadaye, baada ya kijana mmoja kuwaeleza kwamba ni kupiga simu kwa kompyuta mkionana nyuso. Kisha mabishano yakawaka, sauti ya runinga ikamezwa, na swali lililofuata hakuna aliyelisikia.

Nusu dakika ile imenikaa akilini kuliko majibu mengi ya usiku huo. Historia ya midahalo ya urais nchini huandikwa kutoka upande wa Karen: nani alisimama wapi, nani alitokwa na jasho, nani alisusia. Mitaa ya Eastlands hutengewa sentensi moja, kwamba wakazi walifuatilia kwa makini. Anayeijua mitaa hii anajua kwamba hapa hatufuatilii kitu kimyakimya. Mdahalo ukifika Jogoo Road huwa haujaiva bado. Hupikwa upya, hutiwa chumvi, kisha ndipo hupakuliwa.

Anayedhani mazoea hayo yaliletwa na runinga aende Kaloleni. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, mateka wa vita wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa waliotoa jasho, na katikati yake ukawekwa ukumbi wa jamii. Jina lenyewe, kwa lugha za Wamijikenda, ni amri: nendeni mkatazame. Walioenda kutazama waliishia kusema. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni ukumbi huo ulibandikwa jina la House of Commons, yaani Bunge la Makabwela, kama lile la London. Utani huo ulikuwa na meno. Mkoloni alikuwa na baraza lake la kutunga sheria mjini. Waafrika wa Eastlands wakajipa bunge la kwao, kwenye ukumbi ambao kwa kawaida ulikuwa wa ngoma na harusi.

Humo ndimo walimosikika Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji kabla ya kuingia siasa za wafanyakazi, na Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao, wawili hao walipambana kwa kiti cha Nairobi na Mboya akashinda. Utaratibu wa kura wenyewe ulikuwa kioja. Kura ilitegemea elimu, kipato, mali na sifa nyingine, na mwenye sifa nyingi angeweza kupewa hadi kura tatu. Kwa hiyo mtu asiye na kura hata moja angeweza kuketi benchi moja na mwenye kura tatu, na katika ukumbi ule wote wawili wakawa na haki sawa ya kuguna. Mguno haukuhitaji cheti cha shule.

Runinga ilipoanza nchini mwaka wa 1962 ilikuja na tabia tofauti. Haikusikia mguno. Kwa karibu miaka 30 kulikuwa na kituo kimoja tu, cha serikali, hadi KTN ilipoanza kupeperusha matangazo mwaka wa 1990. Katika mitaa yetu aliyemiliki runinga alikuwa mtu mkubwa, na watoto wa ploti nzima waliijaza sebule yake hadi mlangoni. Taarifa ya habari ilifunguliwa na safari za Rais. Alihutubia, alipigiwa makofi, aliondoka. Siwezi kukumbuka mtu aliyeibishia runinga ya enzi hizo kwa sauti. Kulikuwa na masikio ya watu mlangoni pia, na si yote yaliyokuja kusikiliza habari.

Wenye kutaka kujibu walikwenda kwingine. Julai 7, 1990 walikwenda Kamukunji, pale pale Eastlands, kwenye mkutano wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, huku walioitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakiwa tayari wamewekwa kizuizini. Ile ndiyo Saba Saba. Mfumo wa vyama vingi ukarudi Desemba 1991, na uchaguzi ukafanywa mwaka uliofuata, lakini Rais Daniel arap Moi hakuwahi kusimama bega kwa bega na wapinzani wake kuulizwa maswali kwenye runinga. Chaguzi za 1997, 2002 na 2007 zilipita hivyo hivyo.

Lililovunja kimya lilikuwa damu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na vyombo vya habari vilinyoshewa kidole kama walivyonyoshewa wanasiasa. Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, wamiliki wa vyombo hivyo waliungana kuandaa mdahalo mmoja utakaorushwa kwa pamoja na vituo vinane vya runinga na redio zaidi ya 30. Hata orodha ya washiriki ilizua kesi. Paul Muite, aliyeachwa nje, alienda mahakamani, na mwishowe yeye na Mohamed Abduba Dida wakaongezwa kwenye jukwaa lililoandaliwa watu sita. Linus Kaikai na Julie Gichuru ndio waliouliza maswali.

Dida huyu anastahili aya yake mwenyewe. Alikuwa mwalimu, na asubuhi ya Februari 11 ungeweza kupita Burma, Shauri Moyo na Pumwani ukitaja jina lake bila mtu kugeuka. Kesho yake alikuwa anaigizwa kwenye matatu. Aliwasuta wenzake kwa mifano ya darasani na ya nyumbani, kwa Kiingereza kilichotembea kwa mwendo wa Kiswahili, na labda ndiyo sababu pale kwa kinyozi yeye peke yake hakuhitaji mkalimani. Machi 4 alipata kura 52,848. Ni tone katika bahari ya kura zaidi ya milioni 12, lakini zilitosha kumpita Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Haki, aliyepata 43,881. Peter Kenneth, kijana wa Starehe ambaye magazeti yalimsifu kwa kujibu kama mtu aliyesoma swali kabla ya kuulizwa, aliambulia 72,786. Sifa za runinga ni kama chai ya kibandani: inapasha mwili moto, lakini huwezi kuifungasha ukaenda nayo nyumbani.

Mdahalo wa pili, Februari 25, nusura umkose Uhuru, ambaye kambi yake ilikuwa imelalamika kwamba ule wa kwanza haukuendeshwa kwa haki. Alifika. Akaulizwa kuhusu ardhi ya familia yake, akataja ekari 30,000 za Taita Taveta. Ukitaka kuelewa jibu hilo lilivyopokewa upande wetu, kumbuka linasikilizwa na nani. Nyumba za Makongeni, Mbotela na Bahati zilijengwa kwa ajili ya vibarua wa reli na wa jiji, na kwa wengi chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi, pazia likigawanya wazazi na watoto. Watu walijaribu kupima ekari 30,000 kwa vyumba, wakashindwa, wakapima kwa mitaa, wakashindwa tena. Kuna waliokasirika. Kuna waliosema mwenye shamba kubwa hana haja ya kuiba cha mtu. Wiki moja baadaye wote hao walipanga foleni moja, na Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mdahalo haubadilishi kitu kwa sababu haubadilishi kura. Ekari zile zilikuwa minong'ono kwa miaka 50. Baada ya usiku ule zilikuwa kauli iliyotoka kinywani mwa mwenyewe, na mpiga debe wa Muthurwa aliweza kuitaja bila kutazama nyuma.

Kisha wakubwa wakagundua silaha mpya: kutofika. Julai 24, 2017, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Raila alisimama peke yake. Jubilee, chama cha Uhuru, ilisema haikushirikishwa vilivyo katika maandalizi. Julai 26, 2022, mahali pale pale, alikuwa William Ruto aliyesimama peke yake, na Raila ndiye aliyesusia, kambi yake ikidai kwamba mpinzani hataki kuulizwa kuhusu ufisadi. Siku hiyo hata mgombea George Wajackoyah alifika, akaondoka bila kupanda jukwaani, akitaka wagombea wote wanne wahojiwe pamoja. Walioonana ana kwa ana mwaka ule ni wagombea wenza wao, Karua na Rigathi Gachagua, wiki moja kabla.

Ugonjwa huo si wetu pekee. Uingereza, ambayo ilichelewa hadi 2010 kuwaweka viongozi wa vyama vyake jukwaa moja la runinga kabla ya uchaguzi, ilimwona Waziri Mkuu Theresa May akimtuma waziri wake Amber Rudd kumwakilisha kwenye mdahalo wa Mei 31, 2017, wiki chache tu kabla ya Uhuru naye kutofika kwenye wake. Boris Johnson alipokosa mdahalo wa tabianchi mwaka wa 2019, kituo cha Channel 4 kiliweka bonge la barafu mahali pake, likayeyuka polepole mbele ya kamera. Jukwaa tupu la kwetu halikuwekewa barafu. Stima yenyewe ya kuigandisha ni ya kubahatisha.

Kama kuna anayetaka kujua ikiwa kususia kunaadhibiwa, hesabu hazimsaidii. Aliyesusia 2017 alitangazwa mshindi, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo, na akashinda marudio ambayo mpinzani wake naye aliyasusia. Aliyesusia 2022 alishindwa kwa kura 233,211.

Lakini kuna jambo ambalo chaguzi zote tatu zimelibeba bila kulitua. Midahalo hii imetawaliwa na Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha saba, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanasiasa wenyewe wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Wakija Kamukunji au viwanja vya Jacaranda kule Embakasi hawathubutu kufungua hotuba kwa Kiingereza. Hapo wanatupa Kiswahili, methali, na Sheng ya kukariri inayotufanya tuone haya kwa niaba yao. Mchana mama mboga huitwa kwa jina lake. Usiku, kwenye runinga, huyo huyo mama mboga anazungumziwa kwa lugha nyingine, bajeti yake inakuwa takwimu, na inabidi mwanawe wa kidato cha tatu amfasirie ameahidiwa nini.

Tafsiri hiyo ina kasoro zake, na nisiwapake watu wangu mafuta. Mkalimani wa kwa kinyozi huwa na chama chake. Nimesikia jibu moja likitoka na maana tatu katika vibanda vitatu vya barabara moja, kila maana ikimfaa mwenye kibanda. Nimesikia ahadi ambazo hazikutolewa na mtu yeyote zikidaiwa kwa miaka mitano. Kila anayepanga mdahalo kwa lugha isiyo ya wasikilizaji anafungua duka la uzushi, kisha kesho yake analalamika kwamba uzushi umeenea.

Vijana wa sasa hawangoji mkalimani. Juni 30, 2024, siku tano baada ya waandamanaji kuingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto alihojiwa Ikulu na wanahabari Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff. Akataja vifo 19. Kwenye base, yaani vijiwe, za Umoja na Kayole mahojiano yale yalitazamwa kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye simu ambako kila jibu lilikatwa vipande, likapingwa na kurushwa kabla Rais hajamaliza sentensi. Julai 5 akaingia mwenyewe kwenye mtandao wa X, na vijana wakamkabili moja kwa moja, baadhi wakitaja majina ya wenzao waliouawa. Mguno wa Kaloleni ulikuwa umepata kipaza sauti.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Waandaaji wa mdahalo, safari hii msihangaike kutafuta ukumbi Karen. Bunge la Makabwela bado lipo, hatua chache kutoka Jogoo Road. Uendesheni kwa Kiswahili, na muache mlango wazi. Viti vikipungua, sisi tumezoea kusimama.