Miaka 60 tangu seli za kinga zikutwe kongoshoni

Kisukari cha aina ya kwanza huanza pale seli za kinga zinapoziua seli beta za kongosho, watengenezaji wa insulini mwilini. Ushahidi uliofungua njia ya kuujua ukweli huo ulichapishwa mwaka 1965 na Willy Gepts, mtaalamu wa patholojia wa Brussels, na mwaka 2025 makala yake ilitimiza miaka 60. Ugunduzi wa insulini ulipotimiza karne moja mwaka 2021, Toronto, mji wa ugunduzi huo, ilisifiwa kila pembe. Jina la Gepts ni nadra kusikika nje ya maabara.

Hatua za mwanzo zinafahamika. Paul Langerhans alivieleza vijisiwa vya kongosho mwaka 1869. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano ya insulini huko Toronto. Kitendawili kilichobaki ni kwa nini seli beta hufa.

Dalili zilikuwepo. Mwaka 1940 Hanns von Meyenburg wa Zurich aliupa uvimbe wa vijisiwa hivyo jina la insulaitisi. Lakini Paul Ehrlich, mshindi wa Nobeli wa mwaka 1908, alikuwa amefundisha kwamba mwili hujizuia usijidhuru, na kauli ya mkubwa huyo ilichukua muda mrefu kupingwa. Isitoshe, insulini ilipookoa maisha, waliokufa mwanzoni mwa ugonjwa wakawa wachache. Makongosho mengi yaliyochunguzwa yalitoka kwa watu walioishi na kisukari miaka mingi. Humo seli beta zilikwisha kufa, na seli za kinga zilikwisha kuondoka.

Gepts alitenga makundi hayo mawili. Kati ya wagonjwa 22 waliofariki muda mfupi baada ya kuugua, 15 walikutwa na limfosaiti, aina ya seli za kinga, zilizovamia vijisiwa, na seli beta zilizosalia hazikufika sehemu moja ya kumi ya kawaida. Hata hivyo, kukutwa kwenye eneo la mauaji si sawa na kuua.

Mwaka 1974 Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach, wakiwa London, walitangaza kuona kingamwili dhidi ya vijisiwa katika damu ya wagonjwa. Macho yakahamia kwenye kingamwili, kwa kuwa damu ni rahisi kupima kuliko kongosho.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka katika chumba cha upasuaji cha Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu ya David Sutherland ilikata kipande cha kongosho kutoka kwa pacha mzima na kumpandikizia mwenzake aliyeugua kisukari kwa miaka mingi. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili haukutarajiwa kulikataa pandikizi, hivyo jozi za mwanzo hazikupewa dawa kali za kutuliza kinga. Sukari ilishuka, wagonjwa wakaacha sindano. Baada ya wiki chache tu ikapanda tena.

Vipande vilivyotolewa kwenye mapandikizi hayo vilionyesha limfosaiti zimevizunguka vijisiwa, nyingi zikiwa seli T zenye alama ya CD8, aina inayoua seli nyingine. Seli beta zilikuwa zimetoweka, ilhali seli alfa zinazotengeneza glukagoni, jirani zao katika vijisiwa vilevile, zilikuwa salama. Pandikizi likikataliwa na mwili, uharibifu hauchagui namna hiyo. Ulikuwa ni ugonjwa uleule uliorudi, ukiletwa na seli za kinga zilizokuwa zimeikumbuka shabaha yao miaka yote hiyo. Mapacha waliofuata walipopewa dawa za kutuliza kinga, mapandikizi yalidumu.

Mwaka 2001 madaktari walieleza habari za kijana aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa seli B, chanzo cha kingamwili, ambaye hata hivyo alipata kisukari hicho. Kingamwili zikabaki kuwa kipimo cha kutabiri ugonjwa, na lawama kuu ikaziangukia seli T.

Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa inayolenga seli T hizo kabla dalili hazijajitokeza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, ilichelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili. Haiponyi, na ugonjwa ukishaanza insulini haiepukiki. Vitabu vya wanafunzi vinavyotaja Toronto kwa kurasa kadhaa vingetenda haki kwa kuipa Brussels na Minnesota walau aya moja.