Mnara wa Pisa na Maji ya Udongo wa Mfinyanzi

Somo la leo ni la historia, lakini linamhusu kila mtu anayekusudia kumwaga zege kwa mikono yake mwenyewe mahali penye udongo wa mfinyanzi, iwe ni sakafu, msingi au kitako cha tangi la maji. Tutakwenda Italia, katika mji wa Pisa, tukautazame ule mnara wa kengele ulioinama.

Kwanza tuujue udongo wenyewe. Mchanga hupitisha maji upesi. Udongo wa mfinyanzi huyashika, maana chembe zake ni ndogo mno na nafasi zilizo kati yake ni nyembamba. Ukiulemea kwa mzigo, maji hukamuliwa polepole, pengine kwa miaka mingi. Na kadiri yanavyotoka, ndivyo udongo unavyopata nguvu.

Basi mnara ulianza kujengwa mwaka 1173. Baada ya ghorofa chache kazi ilisimama, yapata mwaka 1178, wala haikuendelea hata mwaka 1272. Wataalamu wanasema kukawia huko ndiko kulikouokoa. Kama mafundi wangeendelea mfululizo, udongo uliojaa maji ungalishindwa na mzigo, na mnara ungalianguka. Ulimalizika karibu na mwaka 1370, nao umekwisha kuinama upande wa kusini.

Mwaka 1838 msanifu Alessandro Gherardesca alichimba njia kuzunguka kitako cha mnara, ili watu waone nguzo zilizozama. Maji ya chini yakabubujika humo, na mnara ukazidi kuinama. Mwaka 1934, wakati wa utawala wa Mussolini, mafundi walitoboa mashimo zaidi ya 300 katika msingi na kuyajaza saruji. Walitaka kuutia nguvu. Mnara ukainama tena.

Mwaka 1989 mnara mwingine, katika mji wa Pavia, ulianguka na kuua watu wanne. Watu wakaingiwa na hofu, na Januari 1990 mnara wa Pisa ukafungwa. Wataalamu, miongoni mwao Mwingereza John Burland, waligundua kwamba katika majira ya mvua maji ya chini yalipanda upande wa kaskazini, na kila mara mnara ulisogea kidogo kuelekea kusini. Basi, kati ya mwaka 1999 na 2001, waliondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, hata kilele kikarudi nyuma karibu sentimita 45. Baadaye wakaweka visima vya kupunguza maji. Mnara ulifunguliwa tena Desemba 2001.

Twajifunza nini? Saruji haiushindi udongo uliojaa maji. Yashughulikie maji kwanza, ndipo umwage zege.

Sisi tunaojenga kwenye udongo mweusi wa mbugani tuna shida nyingine zaidi: udongo huo huvimba ukilowa, na hupasuka ukikauka, ukilivunja zege lililo juu yake. Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya saruji, pakague mahali pako baada ya mvua kubwa, uone maji yanasimama wapi. Maji ya paa yapeleke mbali na ukuta. Ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba. Upande wa juu chimba mfereji, utie kokoto, na uhakikishe una mahali pa kutokea. Ondoa udongo mweusi kadiri uwezavyo, jaza changarawe kwa tabaka, na kila tabaka ishindiliwe sawasawa. Usimwage zege kwenye tope, wala usitupe saruji kavu dimbwini ukidhani umelikausha.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kwa nini kusimama kwa kazi mwaka 1178 kuliufaa mnara?
2. Kazi ya mwaka 1838 na ile ya mwaka 1934 zilikuwa na kosa gani?
3. Katika kijiji chenu, ni sakafu zipi zimepasuka, na maji ya mvua hupita wapi karibu nazo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.